Mwanangu anataka uwakili baada ya kesi ya Lyoya. Nimkataze?

Swali: Mimi ni mama Mkongo, niko Michigan mwaka wa tisa sasa. Kijana wangu anamaliza sekondari mwakani. Tangu polisi wampige risasi Patrick Lyoya, mtoto wa kwetu, wimbo wake ni mmoja: atasoma sheria, abadilishe polisi. Kesi nayo ikaisha bila jibu. Mawakili walisema sana kwenye televisheni, polisi akaenda zake nyumbani. Mimi namwambia asome uuguzi, ni kazi ya uhakika. Hivi wakili anaweza nini mbele ya polisi wa Marekani, tena kwa sisi weusi ambao hata lugha yao inatupiga chenga? (Mama Furaha)

Jibu: Mama Furaha, uuguzi ni kazi njema, na hakuna anayemzomea muuguzi barabarani. Ila umeuliza jambo ambalo hata walimu wa sheria hulizungukazunguka. Nitakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu, pamoja na yale yasiyotupa sifa sisi wavaa majoho.

Kwa wasioifuatilia kesi yenyewe: asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, polisi alisimamisha gari la Lyoya, kijana wa miaka 26, kwa kuwa namba zake hazikuwa za gari lile. Familia yake ilifika Marekani mwaka 2014 kama wakimbizi kutoka Kongo. Polisi alimuuliza kama anajua Kiingereza, akajibu ndiyo. Alipotakiwa leseni akaanza kuondoka. Wakakimbizana, wakavutana, wakagombea kifaa cha polisi cha kupiga shoti ya umeme, na mwisho Lyoya akiwa kifudifudi na polisi akiwa juu yake, risasi ikaingia kisogoni. Polisi alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Mwezi Mei 2025 jopo la mahakama halikuelewana, jaji akaivunja kesi, na mwezi huohuo mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hataianza upya. Jopo hilo ni raia 12 wa kawaida, na lazima wote 12 waseme neno moja. Usilifananishe na wazee wa baraza wa huku kwetu Tanzania, ambao jaji huwasikiliza kisha akaamua lake.

Uchungu wako nauelewa. Lakini kumfunga polisi mmoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika uwanja huu, na ugumu wake haukuanza mwaka 2025. Ukitaka kujua ulipoanza, nenda dukani na Dethorne Graham.

Ilikuwa Novemba 1984, Charlotte, North Carolina. Graham, mtu mweusi mwenye kisukari, alihisi sukari inamshuka, akamwomba rafiki amkimbize dukani anunue maji ya machungwa. Akaingia, akakuta foleni ndefu, akatoka mbio ili akatafute pengine. Polisi aliyekuwa nje akaona mtu anaingia na kutoka upesi hivyo, akalifuata gari. Graham akapoteza fahamu, akapigwa pingu, alipozinduka akaomba watazame kwenye pochi yake, kuna alama ya kwamba ana kisukari. Akaambiwa anyamaze. Alitoka pale mguu umevunjika, na dukani hakukuwa kumetokea kitu.

Akafungua kesi ya madai, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1989. Kwenye karatasi alishinda. Mahakama za chini zilitaka athibitishe kuwa polisi walikuwa na nia mbaya, na sharti hilo likafutwa. Lakini badala yake ikawekwa kanuni nyingine: nguvu ya polisi ipimwe kwa jicho la polisi mwenye busara aliyekuwa palepale, katika sekunde zile, wala si kwa jicho la mtu aliyekaa ametulia anatazama nyuma. Maneno hayo yakatoka kwenye madai yakaenea kwenye vyuo vya polisi, miongozo, na hata hoja za utetezi katika kesi za jinai. Leo wakili wa polisi akisimama mbele ya raia 12, anawaomba wajiweke ndani ya sekunde zile za hofu. Anamhitaji mmoja tu aingie. Mtu aliyevunjwa mguu akitafuta juisi ndiye ambaye kesi yake iliwapa polisi ngao hiyo. Kijana wako alijue hilo kabla hajanunua kitabu cha kwanza: wakili mzuri mwenye haki yake mkononi anaweza kushinda kesi na kuacha nyuma kanuni mbaya.

Sasa tuje kwenye fidia. Mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwabana Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowatesa weusi, na viongozi wa majimbo waliowafumbia macho. Inamruhusu mtu aliyevunjiwa haki na ofisa wa serikali kumshtaki ofisa huyo binafsi. Ililala karibu miaka 90. Ikaamshwa mwaka 1961, katika kesi ya familia moja nyeusi ya Chicago iliyovamiwa alfajiri na polisi 13, baba akasimamishwa uchi sebuleni. Mawakili wakashangilia. Sherehe haikudumu. Mwaka 1967, katika kesi ya mapadri waliokamatwa Mississippi kwa kuingia chumba cha abiria weupe tu, mahakama ikasema polisi aliyetenda kwa nia njema ana utetezi. Mwaka 1982 ikaikaza kinga hiyo: ofisa halipi ila awe amevunja haki iliyokwisha kuwekwa wazi. Na wazi, kwa tafsiri ya mahakama nyingi, maana yake ni kwamba ipo kesi ya nyuma inayofanana nayo sana.

Utauliza inafanana kiasi gani. Chukua Fresno, California. Wafanyabiashara wawili walidai kwamba polisi waliopekua mali zao mwaka 2013 waliandika kwenye stakabadhi dola 50,000 hivi, ilhali walichukua zaidi ya dola 150,000 taslimu na sarafu za thamani za dola 125,000. Mahakama ya rufaa ikakiri kuwa wizi wa namna hiyo, kama ulitokea, ni jambo baya. Kisha ikawapa polisi kinga mwaka 2019, kwa kuwa hapakuwa na kesi ya nyuma iliyotamka wazi kwamba polisi mwenye hati ya upekuzi akiiba anavunja Katiba. Nikiwasomea wanafunzi hukumu ile hucheka, halafu mmoja huuliza kama ni ya kweli.

Unaona ninakoelekea. Kinga hii haikuandikwa na Bunge. Ilijengwa mahakamani, hoja kwa hoja, na mawakili wa miji, mawakili wa vyama vya polisi na majaji ambao nao walikuwa mawakili. Mama akisema mawakili hawakusaidia, mimi nasema wamesaidia sana, ila upande wa pili ulilipa vizuri na ulikuwa na subira.

Kuna jina moja ambalo Wakenya wako karibu nalo kuliko wanavyodhani. Thurgood Marshall, wakili aliyevunja ubaguzi wa shule za Marekani mwaka 1954, mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London. Tom Mboya ndiye aliyemwita, na Marshall akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba yao. Baadaye akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1983 ikafika mbele yao kesi ya Adolph Lyons, kijana mweusi wa Los Angeles aliyesimamishwa mwaka 1976 kwa taa ya nyuma isiyowaka. Polisi walimkaba koo hadi akazimia. Alipozinduka anatema damu, wakamwandikia karatasi ya kosa la barabarani, wakamwacha aende.

Lyons aliomba mahakama iwakataze polisi ukabaji ule pale ambapo maisha yao hayako hatarini. Kwa kura 5 dhidi ya 4 akaambiwa anaweza kudai fidia, lakini amri ya kukataza haipati, maana hawezi kuthibitisha kwamba yeye Lyons atakabwa tena. Marshall akaandika maoni ya kupinga, na ndani yake akahesabu maiti: tangu 1975 watu wasiopungua 16 wamekufa baada ya kukabwa na polisi wa jiji lile, 12 kati yao wanaume weusi. Soma tena namba hizo kisha ukumbuke Minneapolis, Mei 2020, na goti la polisi lililokaa dakika tisa na nusu hivi shingoni mwa George Floyd, mtu mweusi aliyefia palepale.

Mlango uliofungwa kwa Lyons ulifunguliwa kwa pembeni mwaka 1994. Baada ya Rodney King, mtu mweusi, kupigwa na polisi mbele ya kamera, waliompiga kuachiwa na Los Angeles kuungua, Bunge liliipa Wizara ya Sheria mamlaka ya kukishtaki kikosi kizima cha polisi, si polisi mmoja, pale ambapo uvunjaji wa haki umekuwa mazoea. Kesi hizo kwa kawaida huishia kwenye amri ya maridhiano: jiji linakubali mabadiliko, jaji anasimamia, msimamizi huru anakagua kwa miaka. Hapo ndipo mawakili hukesha wakibishania maneno. Polisi "anatakiwa" kuzuia mwenzake anayepiga mtu, au "anashauriwa"? Neno hilo moja litaamua kama mtu atafukuzwa kazi miaka sita baadaye.

Udhaifu wa mlango huo ni kwamba ufunguo unakaa Washington. Minneapolis na Wizara ya Sheria walitia saini Januari 2025, na Mei mwaka huohuo serikali mpya ikaomba kesi ifutwe. Jaji akaifuta. Lakini mawakili wa jimbo la Minnesota walikuwa wameshafungua kesi yao wenyewe kwa sheria ya jimbo, wakapata makubaliano yanayosimamiwa na mahakama tangu 2023, na hayo hayakuguswa. Aliyeamua kwenda kwa njia ya jimbo wakati kila mtu anatazama Washington alifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi nilizosikia mwaka ule.

Nirudi Grand Rapids, maana kuna kesi ya huko ambayo nadhani kijana wako hajaisikia, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Kwa miaka mingi polisi wa mji huo wakimsimamisha mtu asiye na kitambulisho walikuwa wanampiga picha na kumchukua alama za vidole palepale barabarani, hata kama hana kosa. Mwaka 2011 wakamfanyia hivyo kijana mmoja mweusi. Mwaka 2012 wakamfanyia mwingine. Kosa lake machoni mwa polisi ni kuonekana anamkabidhi mwenzake mfano wa kichwa cha treni wa kuchezea. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekufa. Alama za vidole tu. Vijana wakashtaki, na mawakili wa shirika la haki za kiraia wakaibeba kesi. Wakashindwa mahakama ya chini. Wakashindwa kwenye rufaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Michigan ikairudisha kesi chini, wakaanza upya, wakashindwa tena. Julai 2022, miezi mitatu baada ya Lyoya kuzikwa, mahakama hiyohiyo ya juu ikatamka kwamba kuchukua alama za vidole bila hati na bila sababu ya msingi ya kumkamata mtu ni kuvunja Katiba.

Miaka zaidi ya kumi, kwa jambo ambalo televisheni haikulitolea hata dakika mbili. Lakini leo polisi akimsimamisha kijana wako kwenye kona yoyote ya Michigan, hana ruhusa ya kumwekea kidole kwenye wino kwa sababu tu hakubeba kitambulisho.

Kuhusu lugha sasa, maana hilo ndilo lililoniuma kwenye barua yako. Niliwahi kufanya ukalimani wa Kiswahili kwa mawakili wa utetezi wa umma, katika jimbo lisilo mbali na lenu. Siku moja ililetwa kesi ya mzee mmoja wa kabila la Wabembe wa Kongo, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama. Alikuja mahakamani na viatu vya kazini. Alikuwa amesimamishwa kwa kukata kona bila indiketa. Polisi akamuuliza kwa Kiingereza chao cha adabu, ambacho kwa Kiswahili kingekuwa hivi: utaona vibaya nikitazama humo garini? Mzee akajibu: ndiyo, bwana. Gari likapekuliwa, kikapatikana kichupa cha vidonge vikali vya maumivu chenye jina la shemeji yake, na tayari hiyo ni kesi ya dawa za kulevya.

Wakili wake, binti mdogo mwenye mafaili yamejaa mpaka sakafuni, akairudisha ile video mara tatu. Akaniuliza, mzee alielewa nini? Nikamweleza kwamba kwetu mtu mzima akiulizwa na mwenye sare, "ndiyo" hutangulia na maana ya swali hutafutwa baadaye. Akacheka, kisha akasema: lakini sikiliza jibu lenyewe. Aliulizwa kama ataona vibaya, akasema ndiyo. Amekataa! Tukatoka naye hadi kwenye korido, akamwonyesha mwendesha mashtaka zile sekunde nne. Yule naye alicheka, halafu akaacha kucheka. Mashtaka yakafutwa kabla ya saa nne asubuhi. Mzee akaniuliza kama anaweza kuwahi zamu.

Tangu 1973 Mahakama ya Juu inasema polisi halazimiki kukwambia kwamba una haki ya kukataa upekuzi. Kwa hiyo mfundishe kila mtu nyumbani kwako sentensi moja ya Kiingereza ya kukataa, isemwe kwa upole, mikono ikionekana, bila kumgusa mtu wala kukimbia. Na wakili anayeisikia "ndiyo" ya Mbembe bila mkalimani kukaa katikati ni mtu adimu mno. Mawakili weusi Marekani ni kama asilimia 5 ya mawakili wote, na weusi ni kama asilimia 13 ya watu. Si bahati mbaya. Mwaka 1912 chama kikuu cha mawakili wa Marekani kiligundua kuwa kimewapokea wanachama watatu weusi bila kujua, kikatafuta namna ya kuwatoa, na kuanzia hapo mwombaji akatakiwa kutaja rangi yake. Weusi wakaunda chama chao mwaka 1925. Chama kile kikuu kilifungua mlango mwaka 1943 tu. Wanaotuuliza kwa nini sheria ya polisi ina sura ile, waanzie kwa kuuliza nani alikuwa chumbani ilipokuwa ikisukwa.

Suala la rangi lenyewe mahakamani ni gumu kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1976 waombaji weusi wa kazi ya upolisi mjini Washington walilalamika kwamba mtihani wa kuandika unawaangusha weusi wengi zaidi. Wakajibiwa kwamba tofauti ya matokeo haitoshi, thibitisheni nia ya kubagua. Nani atakiri nia? Ukuta huo bado umesimama, lakini majimbo yameanza kutoboa. California ilitunga sheria mwaka 2020 inayomruhusu mshtakiwa kutumia takwimu za ubaguzi bila kuthibitisha nia ya mtu. Colorado mwaka huohuo iliondoa ile kinga ya polisi katika mahakama za jimbo, na polisi asiyetenda kwa nia njema anaweza kulipa mfukoni mwake hadi dola 25,000. New Mexico ikafuata mwaka 2021. Sheria ya taifa zima iliyopewa jina la George Floyd ilipita Baraza la Wawakilishi mara mbili, ikafia Seneti.

Kwa hiyo usimkataze. Ila mwondolee picha ya kwenye televisheni. Mwambie siku ambayo hana shule aende akakae nyuma kwenye mahakama ya wilaya, siku ya kesi za barabarani. Ni wazi kwa umma, haombi ruhusa kwa mtu. Ahesabu na rangi za wanaoitwa. Akitoka bado anataka, basi anataka kweli.

Halafu kuna jambo ambalo huenda hamjaambiwa. Marekani sheria haisomwi kama kwetu, mtu akitoka sekondari moja kwa moja. Anasoma kwanza shahada yoyote ile, miaka minne, kisha ndiyo anaomba shule ya sheria, miaka mitatu, kisha mtihani wa jimbo. Shahada ya kwanza inaweza kuwa uuguzi, Mama Furaha. Katika kesi ya Floyd utetezi ulisema moyo na dawa za kulevya ndivyo vilivyomuua. Aliyesimama kubomoa hoja hiyo ni daktari wa mapafu, Martin Tobin, aliyewapitisha raia 12 pumzi kwa pumzi, akawaonyesha kwenye video wakati ambapo oksijeni ilikwisha. Na aliyekuwa akimuuliza maswali, Jerry Blackwell, wakili wa binafsi aliyejitolea bila malipo, ilibidi aielewe kazi ya mapafu vya kutosha ili ajue swali linalofuata. Mawakili wa kutetea watu waliofia mikononi mwa polisi hulipa fedha nyingi kumtafuta mtu wa kuwasomea ripoti ya uchunguzi wa maiti. Muulize kijana kama yuko tayari kuanza na anatomia.